Nani kasema dayati ni ya watu wa Masaki?

Najua nimepotea, wengine mkaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, testi tu zilinikaba. Nipo bado, Chang'ombe mchana na Tandika usiku, geto ni lile lile, mtungi wa gesi ni ule ule mdogo unaoisha siku usiyo na hata mia. Leo nimekuja na ugomvi, kwa hiyo asiyependa makelele aruke, asome stori nyingine.

Kuna sentensi mbili nimezichoka. Ya kwanza: "Dayati ni ya matajiri, sisi watoto wa uswahilini tule tushibe." Hii utaisikia kwenye foleni ya chipsi, kwenye daladala la Mbagala, hata kwenye vimbweta ambako watu wanatakiwa kuwa wanasoma. Ya pili: "Ukitaka kupungua acha kula." Hii nayo utaisikia kwa watu wale wale, kwenye vimbweta vile vile. Ukiziangalia haraka utadhani zinapingana. Kumbe ni pacha. Zote zinakubaliana kwamba ili mtu apungue lazima awe na hela au awe na njaa. Mimi nasema zote mbili ni porojo, na zinaumiza watu. Na nitawapigia hesabu, maana hapa tunaitwa wasomi.

Kabla hamjanirukia, tuelewane kwanza. Sina ugomvi na mwili wa mtu yeyote. Kuna watu humu wanaona raha kumwita mwenzao "bonge" mbele za watu halafu wanacheka, eti utani. Acheni. Na kuna upande wa pili, wale ambao mtu akipungua kilo mbili tu wanamuuliza "vipi, unaumwa?" Hilo lina historia yake. Wakubwa zetu waliouona ukimwi wa miaka ya 1990 wanaijua hofu ya mtu kukonda. Mtaani ulikuwa hujamaliza kuteremka kwenye basi watu wameshakupa ugonjwa. Ndiyo maana mpaka leo bibi akikuona umejaa mashavu anafurahi, anasema mjini kumekukubali. Siwalaumu. Ila hofu ile isitufanye tushindwe kuona kitu kingine kinachokuja.

Na kinakuja kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta kwamba kama asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Ule wa 2015-16 ukakuta asilimia 28. Miaka mitano tu hiyo. Na utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64, kama 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari na kama 26 katika kila 100 walikuwa na presha. Utafiti huo huo ulikuta zaidi ya watu 9 katika kila 10 hawali mboga na matunda kiasi kinachoshauriwa. Sasa mniambie, hao wote wanakaa Masaki na Oysterbay?

Tena kuna utafiti mmoja unatuhusu sisi moja kwa moja, sisi tuliokuja Dar na begi moja na godoro la kukunja. Watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 200 waliotoka vijijini mkoani Morogoro kuhamia Dar es Salaam, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Ndani ya mwaka mmoja tu wa kukaa mjini, wanaume kwa wanawake waliongezeka wastani wa zaidi ya kilo mbili. Kwa wanaume, waliokuwa wakifanya kazi nzito za kutoa jasho walishuka kutoka karibu 8 katika kila 10 hadi kama robo tu. Hapo hakuna uchawi. Jembe limebaki kijijini, sufuria la mafuta liko kwenye kona ya mtaa. Wengi wetu tumepita njia hiyo hiyo, tofauti ni kwamba sisi tulikuja na barua ya kujiunga na chuo.

Sasa niwaambie kilichonipandisha hasira. Ninakaa na dada mmoja, jina lake nalihifadhi, mwenyewe ameniruhusu niandike. Semesta iliyopita alichoka kuitwa bonge. Bumu lilipotoka akachukua elfu 60 akanunua "chai ya kukata tumbo" kwa mtu anayeuza kwa kupitisha picha kwenye simu, zile picha za kabla na baada. Masharti: chai asubuhi na usiku, chakula mara moja kwa siku, usiku usiguse kitu. Wiki ya kwanza akashuka kilo tatu, akaruka kwa furaha. Mimi nikawa nahesabu safari zake za chooni, maana choo chetu ni cha wapangaji wote na watu walishaanza kununa. Wiki ya pili alianguka kwenye testi. Kuanguka huku nasema kule kwa mwili, chini, puu! Testi ikaenda na maji. Kilo tatu zikarudi ndani ya siku tano. Elfu 60 haijarudi mpaka leo.

Sielezi hili ili mumcheke. Nalieleza kwa sababu mwanafunzi wa baiolojia angeweza kulitabiri kwenye karatasi. Chai nyingi za namna hii zina majani ya kuharisha kama sana. Ukiharisha unapoteza maji, mizani inashuka, mafuta ya mwilini yapo pale pale yanakuangalia. Zingine ni hatari zaidi. Mwaka 2010 dawa ya kupunguza uzito iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu ya madhara kwa moyo, na tangu hapo imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya chai, kahawa na vidonge vinavyouzwa kama "asilia". Muuzaji wako wa kwenye simu anajua kilichomo? Hajui. Anajua bei.

Haya, tuje kwenye hoja yenyewe.

Tumbo halina kikokotoo. Halijui kalori. Kinacholishibisha haraka ni ujazo na uzito wa kilichoingia, kikisaidiwa na protini na nyuzinyuzi zinazokaa muda. Watafiti walipowapa watu vyakula vinavyofanana lakini vyenye nguvu tofauti, watu walielekea kula uzito ule ule wa chakula siku hadi siku, bila kugundua kwamba kalori zimebadilika. Sasa kama unakula uzito ule ule, swali la maana linakuwa moja: kila gramu unayoweka mdomoni imebeba kalori ngapi? (Wenzangu wa kemia, ndiyo, nazungumzia kilokalori, zile ambazo kila mtu anaziita kalori. Msianze.)

Hapo mambo ni rahisi kuliko mlivyodhani. Maji hayana kalori kabisa. Wanga na protini vina kama 4 kwa gramu. Mafuta yana 9. Basi. Chakula chenye maji mengi na nyuzinyuzi kinakuwa chepesi, chakula kikavu chenye mafuta kinakuwa kizito. Gramu 100 za tango zina kama kalori 15. Nyanya kama 18, mchicha kama 23, kabichi kama 25, tikiti maji kama 30, papai kama 43. Viazi vya kuchemsha, kama 87. Viazi hivyo hivyo ukivitumbukiza kwenye karai la chipsi vinapanda hadi 300 hivi, kwa sababu maji yametoka na mafuta yameingia. Kiazi ni kile kile, cha gunia lile lile! Kilichobadilika ni karai.

Tupige hesabu ya kukadiria. Zege la kawaida, chipsi gramu 250, mayai mawili na mafuta ya kukaangia: unakaribia kalori 1,000, na uzito wa sahani haufiki hata gramu 400. Ongeza soda moja ya mililita 350, nyingine 150 hizo, nazo hazishibishi chochote. Sasa chukua sahani ya pili: ugali wa dona gramu 250, maharage gramu 150, mchicha umejaa pembeni gramu 200 uliopikwa na kijiko kimoja cha mafuta, na chungwa la kumalizia. Kalori kama 720. Uzito? Karibu gramu 750. Yaani unakula chakula cha uzito mara mbili, na kalori ni pungufu kwa zaidi ya robo. Nani kasema lazima ulale njaa?

Mfano mwingine. Vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya kula ni kama kalori 360. Hizo ni sawa na machungwa sita. Au kilo moja na nusu ya mchicha. Hebu jaribu kula kilo moja na nusu ya mchicha kwa mkao mmoja, tutakuja kukuchukua na guta. Lakini vijiko vitatu vya mafuta vinaingia kwenye sahani moja ya wali na hata huvioni. Kilo nzima ya matango inakaribiana na andazi moja kubwa. Ukishaijua hesabu hii huwezi tena kuiangalia sinia la maandazi kwa jicho lile la zamani.

Sasa wale wa "hiyo ni sayansi ya wazungu", kaeni vizuri, maana hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kweli, aliyeitangaza sana hoja hii kwa ajili ya kupungua ni profesa Barbara Rolls wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha jaribio moja tamu sana. Waliwachukua wanawake 24, siku moja wakawapa chakula cha kuku, mboga na wali kabla ya mlo wa mchana. Siku nyingine wakawapa chakula hicho hicho na glasi ya maji pembeni. Siku nyingine wakachukua chakula hicho hicho na maji hayo hayo wakavipika pamoja, vikawa supu. Waliokunywa supu ndio waliokula kidogo mlo uliofuata. Maji ya pembeni hayakusaidia. Kwa hiyo wale mnaojaza tumbo kwa lita mbili za maji ya limao halafu mnaenda kushambulia chapati, poleni. Maji yanatakiwa yawe ndani ya chakula.

Lakini Watanzania walikuwa wanaihangaikia hesabu hii ya kalori kwa gramu tangu miaka ya 1980, wakiwa wameigeuza kichwa chini miguu juu. Tatizo lao lilikuwa watoto. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Ukimpa uji wa mahindi au mtama, unga ukiwa mwingi uji unakuwa mzito kama gundi na hamezi, ukiongeza maji anashiba upesi kabla hajapata nguvu ya kutosha. Tumbo limejaa, mwili una njaa. A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, wakaenda kuchukua kitu ambacho bibi zetu wanakijua toka enzi za kutengeneza pombe: kimea. Unaotesha nafaka, unaianika, unaisaga. Kijiko kidogo cha kimea kwenye uji mzito kinaukata wanga, uji unalainika, kwa hiyo unaweza kuweka unga mwingi zaidi na mtoto bado akaunywa. Wakachapisha mwaka 1983, wakaja kulijaribu kwa watoto wa kijiji cha Luganga, Iringa, wakachapisha tena mwaka 1990.

Mmeona? Kanuni ni ile ile. Kwa mtoto anayetakiwa kukua, unaongeza nguvu kwenye kila kijiko. Kwa mtu mzima anayetaka kupungua, unaipunguza. Hii elimu iliandikwa hapa, kwa uji wetu, na kijiji chetu kina jina kwenye majarida ya dunia. Halafu mtu aliyekalia stuli ya chipsi ananiambia ni mambo ya Masaki!

Na hapa niweke onyo, maana najua kuna watakaosoma nusu. Chakula chepesi si cha kila mtu. Usimpe mtoto mdogo sahani ya mchicha na tango ukidhani unamlinda. Mjamzito, mtu anayetumia dawa za TB, mtu aliyekonda tayari, mtu anayetumia dawa za kisukari, hao wazungumze na mhudumu wa afya, wasinisikilize mimi. Naongea na yule ambaye uzito umezidi, anataka kuushusha, na anadhani njia iliyobaki ni kuteseka.

Sasa mapingamizi. Nayajua yote, nimeyasikia getoni.

La kwanza, "mboga hazishibishi." Mchicha peke yake haushibishi, kweli kabisa, na hakuna aliyekwambia ule mchicha peke yake. Kazi ya mboga ni kujaza sahani. Kazi ya maharage, kunde, choroko, dagaa au yai la kuchemsha ni kukaa tumboni. Dona na sembe kalori zake hazipishani sana, ila dona ina nyuzinyuzi zaidi, na mtu aliyekula dona saa saba hatafuti andazi saa tisa. Huo ndio msosi wa jembe wa watu wote tunaowafahamu. Kitu ambacho siku hizi tunaita "chakula cha ukapa". Bumu likitoka tunakikimbia, likiisha tunakirudia kwa huzuni. Yaani tunakula vizuri tukifulia na tunakula vibaya tukiwa na hela, halafu tunasema kula vizuri ni kwa wenye hela. Mantiki iko wapi?

La pili, bei. Ninaponunua mimi, zege ni 3,000. Kwa hela hiyo pale soko la Tandika au Temeke Sterio napata fungu la matembele, fungu la mchicha, nyanya, kitunguu na maharage ya kupika, na tunakula watatu. Msiniambie habari za brokoli na mafuta ya zeituni. Nani kawatajia brokoli? Matembele, mlenda, bamia, nyanya chungu, majani ya maboga, kabichi, tango. Hivi ndivyo vyakula vyenye kalori chache kwa gramu, na vimelala chini kwenye kiroba vikinyunyiziwa maji vinakusubiri.

Ila hapa mjanja mmoja atashika kisamvu aseme "nami nakula majani". Taratibu. Kisamvu kikishapata nazi mbili na karanga za kusaga kimetoka kwenye kundi. Tui zito la nazi lina kalori zaidi ya 200 kwa gramu 100, na karanga zinapita 550. Ni tamu, ni nzuri, zina faida zake, lakini pima. Tui la pili, lile jepesi, linatosha. Karanga kiganja kimoja, usimalize kikombe kizima ukisoma. Rangi ya kijani isikudanganye, uliza kilichomo.

La tatu ndilo ninaloliheshimu: usafi. Mwaka 2015 mlipuko wa kipindupindu ulianzia Kinondoni hapa hapa Dar kabla ya kusambaa nchini, kwa hiyo mtu akiogopa kachumbari ya kibandani hana wazimu. Na mwaka 1999 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakakuta madini mazito kama risasi na kadimi. Kwa hiyo mboga inaweza kuwa na hatari, sikatai. Jibu lake si kukimbilia karai la mafuta. Mzoee muuzaji mmoja, muulize mchicha unatoka bonde gani. Osha kwa maji safi yanayotiririka, zaidi ya mara moja. Mboga za majani pika. Tango, menya. Chungwa na ndizi Mungu ameshavifungashia mwenyewe. Na tukiwa tunadai vitu, tudai na hili: kwamba maji yanayomwagilia chakula cha mji huu yawe salama. Hiyo ndiyo siasa ninayoitaka mimi, kuliko siasa za kugombea uongozi kwa kugawa soda.

La nne, "sina muda na sina friji." Nani ana friji Tandika? Maharage tunachemsha Jumapili na Jumatano, tunakula ndani ya siku moja na nusu, yakilala tunayachemsha tena kabla ya kula. Mboga dakika kumi. Ukikosa kabisa, nenda kwa mama ntilie na useme hivi, kwa adabu: "Shikamoo mama, naomba ugali punguza kidogo, mboga niongezee, maharage niongezee, na mafuta ya juu usinimwagie." Mara ya kwanza atakuangalia atakuuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Mwambie huumwi. Mara ya tatu ataanza kukuwekea bila kuuliza, na mboga ndiyo kitu cha bei rahisi kwenye sufuria zake, hapati hasara.

La tano, vinywaji, ambavyo watu huvisahau kwa makusudi. Chai yenye vijiko vinne vya sukari, asubuhi na jioni, ni sawa na soda moja kila siku ambayo hukuihesabu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Soda moja ya mililita 350 inapita hapo peke yake. Na juisi nayo isijifanye malaika. Chungwa zima utatafuna moja au mawili, umetosheka. Kwenye glasi yanaingia manne, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, na baada ya nusu saa una njaa.

Sasa nisiwauzie na mimi chai yangu ya kukata tumbo. Hakuna miujiza hapa. Kundi hilo hilo la Rolls mwaka 2007 lilitoa matokeo ya wanawake wenye unene waliofuatiliwa kwa mwaka mzima. Kundi moja liliambiwa kupunguza mafuta tu, lingine kupunguza mafuta na kuongeza mboga na matunda. La kwanza walipungua wastani wa kilo 6.4, la pili kilo 7.9. Tofauti ni kilo moja na nusu kwa mwaka, mtu wa picha za kabla na baada atacheka. Lakini sikilizeni kilichonigusa: kundi la pili walikuwa wanakula chakula kingi zaidi kwa uzito, na walisema wana njaa kidogo zaidi. Walipungua zaidi huku wameshiba zaidi. Dada yangu wa getoni alilipa elfu 60 apungue kilo tatu za maji na aanguke chini. Nani kati yao alikuwa kwenye "dayati ya matajiri"?

Na hilo ndilo linaloniuma hasa. Porojo ya "dayati ni ya matajiri" inaonekana kama utani wa kujifariji, lakini kazi yake halisi ni kutufukuza kwenye chakula chetu. Ukishaamini kwamba mchicha na maharage ni umaskini, na kwamba kupungua ni bidhaa ya kununuliwa, umeshakuwa mteja. Mteja wa karai asubuhi na mteja wa chai ya kuharisha jioni. Wanakula pande zote mbili za mwili wako. Halafu miaka ishirini mbele unakuwa mteja wa dawa za presha, na hizo hazina promosheni.

Sisemi tusile zege milele. Mimi nalila, siku ya kumaliza mitihani nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Nasema lisiwe mlo wa kila siku tukajidanganya kwamba hatuna uwezo wa kitu kingine. Na wale walimu watarajiwa wenzangu, kumbukeni mwaka kesho mtasimama mbele ya watoto mkifundisha mada ya lishe. Mtawaambia nini? Kwamba jedwali la kitabuni ni la watoto wa Masaki?

Anayebisha aje, namkaribisha. Ila aje na hesabu, kalori kwa gramu na shilingi kwa sahani. Matusi na "we mwenyewe mbona" sitajibu. Dada yangu wa getoni anawasalimu, anasema yeye yuko upande wa matembele, na elfu 60 yake bado anaidai.

Tutaonana testi zikipumzika. Kuleni mshibe.